Utengeneze gari au uiuze? Hayo ni maswali mawili, si moja

Kila mwenye gari ya zamani anaijua hiyo simu. Ni saa nne asubuhi, uko kazini, na fundi anakuambia, "Bosi, nimefungua, lakini kuna kitu kingine nimepata hapa." Unavuta pumzi. Unauliza ni pesa ngapi. Unatuma. Jioni unaapa kwamba ikitoka tu gereji unaiuza. Inatoka, injini inanguruma vizuri, unasahau kiapo. Mwezi unaofuata, simu ni ile ile.

Sisi kwenye timu ya elimu kwa wateja tumezungumza sana juu ya jambo hili wiki hizi, kwa sababu limeingia ofisini kwetu. Mwenzetu mmoja na ndugu zake watatu wamekuwa wakichangia gari ya baba yao kule Karatina. Ni Toyota Corolla ya 2003, ile ambayo Wakenya tunaiita NZE. Mzee huitumia kumpeleka Mama kliniki ya sukari Nyeri mara mbili kwa mwezi, kwenda sokoni na kwenda kanisani. Mwezi wa sita mwaka jana giaboksi ilianza kuteleza, halafu gari ikakataa kabisa kupanda mlima. Fundi akasema 65,000. Dalali akapita nyumbani siku hiyo hiyo (hawa watu husikia harufu) akasema, "Mzee, nipatie nikupe 230,000 cash, nije na gari ya kuivuta."

Familia ikagawanyika mara moja. Wawili wakasema auze, hii gari imetumaliza. Wawili wakasema itengenezwe, Mama ataenda kliniki na nini? Mzee akanyamaza.

Mwenzetu ametupa ruhusa tutumie hesabu zao hapa bila majina. Tumezipitia pamoja, na tumetoka na msimamo: watu wengi hukosea uamuzi huu kwa sababu huuliza swali moja mahali penye maswali mawili.

Kwanza, jua umetumia ngapi

Tuliwauliza ndugu wale wanne: hii gari imekula pesa ngapi tangu mwaka uliopita? Mmoja akasema elfu themanini hivi. Mwingine akasema laki tatu. Wote walikuwa wamekasirika kwa uhakika kabisa, na hakuna aliyejua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini ukilipa kwa simu, daftari lipo tayari, hujaifungua tu. Kila mmoja wao alitoa taarifa ya akaunti yake ya miezi 18, kutoka Januari 2024 hadi Juni 2025, wakapiga mstari kila pesa iliyoenda kwa fundi, kwa duka la spea au kwa Mzee "ya gari." Ilichukua jioni moja. Haya ndiyo waliyopata:

- Service ya kawaida mara nne: 30,000
- Betri: 11,000
- Tairi mbili: 9,000
- Brekipadi: 4,500
- Shoki mbili za mbele: 14,000
- Bushi na linki rodi: 9,500
- Rejeta: 13,500
- Gasketi ya hedi na kunyoosha hedi: 38,000
- Kuvutwa baada ya kuchemka njiani: 12,000
- Sensa: 6,000
- Pesa ndogo ndogo zisizo na maelezo: 26,500

Jumla ni shilingi 174,000. Ukigawanya kwa miezi 18 ni karibu 9,700 kwa mwezi.

Mtu akiona 174,000 anasema uza leo. Ngoja kidogo. Hiyo orodha ina pesa za aina tatu, na kila moja inasema kitu tofauti.

Ya kwanza ni pesa ambazo gari yoyote ingekula, hata kama ingetoka melini Mombasa jana: service, betri, tairi, brekipadi. Hizo ni 54,500. Ukiuza NZE ununue gari nyingine, hizo zitakufuata huko.

Ya pili ni pesa za uzee wenyewe: shoki, bushi, rejeta, sensa, na zile ndogo ndogo. Barabara zetu hazina huruma kwa shoki na bushi, na kila mtu anajua. Hizo ni 69,500.

Ya tatu ndiyo ilitunyamazisha. Gasketi ya hedi na gari ya kuvuta, jumla 50,000. Tulipouliza ilikuwaje, ikatokea kwamba rejeta ilikuwa imeanza kuvuja miezi miwili kabla. Mzee aliiona. Alikuwa akijaza maji kila asubuhi kabla ya kuondoka, na alibeba mtungi wa lita tano nyuma. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameomba pesa ya shoki mwezi uliotangulia na aliona aibu kuomba tena. Siku moja maji yakaisha kabla hajaona, injini ikachemka karibu na Marua, Mama akiwa ndani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rejeta peke yake ilikuwa 13,500. Kunyamaza kulikuwa 50,000 juu yake. Na hiyo 50,000 si kosa la gari. Ni kosa la namna familia ilivyokuwa ikilipa: kila shida iombewe, kila kuombwa kulete manung'uniko, hadi mtu mzima anaona afadhali abebe mtungi wa maji.

Tunasema hivi kwa sababu tunadhani si Karatina pekee. Nyumba nyingi zenye gari ya zamani zina mtu mmoja anayeficha ugonjwa wa gari ili asionekane msumbufu. Kabla ya kulaumu gari, uliza kama huyo mtu yupo kwenu.

Swali la kwanza: je, kutengeneza kunarudisha pesa yake?

Sasa turudi kwa giaboksi. Swali la familia lilikuwa "tutengeneze au tuuze?" Sisi tukasema, hapana, tenganisheni.

Swali la kwanza halihusu kukaa na gari wala kuiuza. Ni hili tu: gari hii ikiwa imekufa ni bei gani, na ikiwa inatembea ni bei gani? Dalali alitoa 230,000 kwa gari iliyolala. Wakauliza watu wawili wengine, mmoja yadi na mmoja mnunuzi wa kawaida: ikitembea vizuri, mtatoa ngapi? Wa chini kabisa alisema 340,000. Tofauti ni 110,000. Kutengeneza ni 65,000.

Kwa hivyo hata yule ndugu aliyetaka iuzwe kesho alipaswa kutaka itengenezwe kwanza. Kuiuza ikiwa imelala kungewapotezea 45,000, na hiyo 45,000 ingeingia kwa mfuko wa dalali, ambaye ana fundi wake wa bei nafuu na hana haraka.

Hapo ndipo wengi wetu huumia. Gari inapokufa ndipo hasira hupanda, na hasira ikipanda ndipo tunauza. Mnunuzi anaona bonneti iko juu na tairi ina vumbi, anajua bei ni yake. Msimamo wetu ni huu: usiamue kuuza gari ikiwa iko juu ya mawe. Isimamishe kwanza, kama hesabu inaruhusu, ndipo uamue.

Kuna wakati hesabu haikubali. Kama tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya fundi, iuze jinsi ilivyo. Na kabla hujapiga hesabu yoyote, tafuta fundi wa pili aiangalie. Giaboksi inayoteleza inaweza kuwa imeisha kweli, au ni mafuta ya zamani, au ni solenoidi. Lipia ukaguzi wa mtu ambaye hatapata kazi ya kutengeneza. Elfu mbili tatu za ukaguzi ni kidogo ukilinganisha na kubadilisha giaboksi nzima bure. Kwa hii NZE, fundi wa pili alikubaliana na wa kwanza, kwa hivyo walinunua giaboksi iliyotumika ya kutoka Japani, ikaja na garanti ya maandishi ya mwezi mmoja.

Swali la pili: je, unaihitaji?

Gari ikishasimama, sasa ndiyo unauliza: tukae nayo au tuachane nayo? Hapa hesabu si ya gereji, ni ya mwezi mzima.

Ukisema "nitauza hii ninunue nzuri," jiulize nzuri inatoka wapi. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi umri wa miaka minane. Ushuru wa forodha kwa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT na ada nyingine. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kushuka hadi karibu 130. Haya yote ndiyo yamefanya gari za zamani zilizo hapa nchini zishikilie bei. Ni habari njema ukiuza, na mbaya ukinunua. Ukiwa na 340,000 mkononi, gari utakayopata ni NZE ya mtu mwingine, ambaye naye ana orodha kama yako ila hajakuonyesha.

Familia ilitaka Vitz ya miaka ya karibuni, iliyotumika hapa nchini, wakaambiwa 760,000. Ukitoa 340,000 unabaki na pengo la 420,000. Kwa mkopo wa sacco wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka mitatu, hiyo ni karibu 13,950 kila mwezi. NZE na mabaya yake yote ilikuwa 9,700. Na Vitz nayo ingehitaji service, betri na tairi. Pia gari nyingi za siku hizi zina giaboksi ya CVT, ambayo ukiiwekea mafuta yasiyo yake unaiua, wakati ile NZE ina giaboksi ya kawaida ambayo mafundi wengi wa Karatina wanaijua.

Halafu kuna njia ya tatu, ambayo watu wenye gari hawapendi kuisikia: kukaa bila gari. Tuliifanyia hesabu kwa sababu ni haki. Teksi ya kukodi Karatina hadi Nyeri, kwenda na kurudi, waliambiwa 2,500. Mara mbili kwa mwezi ni 5,000. Safari nne za karibu kwa 400 ni 1,600. Jumla 6,600. Upande wa gari, ongeza mafuta ya 6,000 na bima ya mtu wa tatu karibu 600 kwa mwezi juu ya ile 9,700, unafika zaidi ya 16,000.

Kwa karatasi, teksi imeshinda mbali sana. Yule ndugu aliyetaka iuzwe akasema, "Si mnaona?"

Hapo ndipo Mzee aliongea kwa mara ya kwanza. Aliwaambia kuhusu usiku mmoja wa Aprili, Mama aliposhukwa na sukari saa nane usiku. Alimpigia simu mwenye teksi mara nne, hakushika. Aliwasha gari. Walifika hospitalini kwa dakika kumi. Hakuwa amewaambia watoto, kwa sababu wangeogopa.

Tunaipenda hesabu, ni kazi yetu. Lakini hesabu inajibu tu kile ulichoiuliza. Kama gari yako ni ya kwenda kazini Nairobi ambako kuna matatu kila dakika tano na teksi ya simu kila kona, na imekula 16,000 kwa mwezi, tungekuambia uiuze bila kupepesa. Kama ndiyo njia pekee ya mgonjwa kufika hospitalini usiku, hiyo karibu 9,700 ya tofauti si hasara. Ni bei ya kitu fulani, na ni nyinyi tu mnaoweza kusema kama mnakilipia kwa hiari.

Kwa gari ya kazi, geuza hesabu. Kama una teksi au Probox ya kubeba maziwa, usihesabu fundi peke yake, hesabu pia siku ilizolala. Gari inayokuletea 2,000 kwa siku baada ya mafuta, ikilala gereji siku tatu kila mwezi, imekula 6,000 ambazo haziko kwa risiti yoyote. Wenye gari za biashara wengi huendelea kutengeneza gari ambayo imeshaacha kuwalipa, kwa sababu zile siku hazionekani.

Wakati ambapo tungesema uza tu

Kuna mambo ambayo hata fundi mzuri hatibu kwa bei ya maana. Chesi ikiwa imeoza kwa kutu, hiyo si gari tena, na anayebebwa ndani yake yuko hatarini. Injini inayokula oili na giaboksi inayoteleza kwa wakati mmoja, hapo unajenga gari upya. Gari ambayo kila spea lazima iagizwe ng'ambo kwa sababu ukienda Kirinyaga Road, ile wengi bado wanaiita Grogan, kila duka linakutikisia kichwa. Na gari ambayo umeanza kuiogopa: ukiambiwa usafiri usiku unatafuta kisingizio. Ukishaacha kuiamini, hata ikitembea haikusaidii.

Na la mwisho, ambalo huenda likashangaza likitoka kwetu: kama njia pekee ya kuitengeneza gari ya nyumbani ni kukopa kwa simu kila mara, iuze. Tuchukue mkopo wa 20,000 wenye ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni 1,600. Ukiurudia miezi mitatu kwa sababu haukuisha, umelipa 4,800, zaidi ya zile brekipadi za Mzee, na gari haijapata chochote. Mkopo wa haraka unafaa kwa dharura moja yenye mwisho. Gari ya zamani haina mwisho, ina mwezi ujao.

Tuseme ukweli pia kuhusu sisi wenyewe. Kampuni kama yetu hupata ada kila unapotuma pesa. Ile 26,500 ya pesa ndogo ndogo ilitumwa kwa zaidi ya mara 40: 500 ya fundi, 300 ya nauli ya kutafuta spea, 1,000 ya "kumalizia." Kila moja ilikatwa ada. Ingekuwa afadhali kwao kutuma mara moja kwa mwezi, na tunakuambia ufanye hivyo hata kama sisi tutapata kidogo.

Familia iliamua nini

Walitengeneza. Lakini hawakurudi kwa mtindo wa zamani. Walifungua mfuko wa gari: kila mtoto huweka 2,000 tarehe 3 ya kila mwezi, malipo yanatoka yenyewe. Hiyo ni 8,000. Ukirudi kwa orodha, ukitoa ile 50,000 ya kuchemka ambayo ingeepukika, gari ilikuwa ikihitaji karibu 6,900 kwa mwezi. Kwa hivyo 8,000 inatosha, na kunabaki kidogo.

Mzee ndiye anashika mfuko. Haombi. Akiona rejeta inavuja anamlipa fundi siku hiyo hiyo, kwa namba ya till ya gereji, anaandika ni ya nini. Mwenzetu anasema jambo lililobadilika zaidi si gari, ni simu za nyumbani. Zamani akiona jina la baba yake kwenye simu, moyo ulishtuka. Sasa hupigiwa aambiwe tu mvua imenyesha.

Pia waliweka mpaka, na tunaona kila mtu auweke kabla hasira hazijapanda: ikitokea kazi moja inayozidi nusu ya bei ya gari ikitembea, au mfuko ukikauka mara mbili kwa mwaka mmoja, gari inauzwa na hakuna mkutano mwingine. Mzee mwenyewe ndiye alitaja huo mpaka. Mpaka tunapoandika haya, mfuko uko na 21,000, na gari iko barabarani.

Sisi wengine ofisini hatukubaliani kama walichagua vizuri. Mmoja wetu bado anasema wangeuza wakaweka hizo pesa kwa teksi yenye makubaliano ya usiku. Ni hoja nzuri. Lakini sote tunakubali kwamba safari hii walichagua wakijua wanachochagua.

Ukiamua kuuza, linda pesa na jina lako

Uza gari ikiwa safi, ina mafuta, na stakabadhi za service ziko mkononi. Zile risiti za simu zenye jina la gereji na tarehe ni ushahidi kwamba gari ilitunzwa, mwonyeshe mnunuzi.

Siku ya malipo, usiamini meseji. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa kampuni, jina lako likiwa sawa na kiasi kikiwa sawa. Fungua menyu ya simu yako mwenyewe uangalie salio. Kama salio halijabadilika, pesa haijaingia, hata kama mnunuzi anaapa na ana watu watatu wa kumshuhudia. Usimpe mtu PIN yako wala simu yako "akusaidie kuangalia."

Jua pia kikomo. Kwenye M-Pesa, kwa mfano, tangu Agosti 2023 muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Gari ya 340,000 itahitaji miamala miwili, na hapo katikati ndipo watu huambiwa "hii nyingine natuma kesho, nipatie ufunguo." Funguo na logibuku zitoke baada ya shilingi ya mwisho. Kwa kiasi kikubwa, kutaneni kwenye benki, pesa zihamishwe mkiwa hapo. Hundi ya mtu usiyemjua si pesa hadi ikomae.

Andikeni makubaliano: majina, namba za vitambulisho, namba ya gari, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu, kwa sababu ajali ikitokea jioni hiyo, utaulizwa gari ilikuwa ya nani.

Kisha hamisha umiliki kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Muuzaji ndiye huanzisha, mnunuzi anakubali, na ada hutegemea ukubwa wa injini. Malipo ya serikali huenda kwa paybill 222222. Mtu akikupa namba yake binafsi "ili iharakishwe," ondoka hapo. Sheria ya trafiki inataka gari iliyouzwa isitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kusajiliwa, na inasema ambaye jina lake liko kwenye usajili ndiye huchukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Usikubali ile ya "nitabadilisha nikipata nafasi." Gari ikitumika vibaya, polisi watakuja kwa jina lako, si lake.

Fanya hivi wiki hii

Hata kama gari yako haijakusumbua leo, toa taarifa ya akaunti yako ya miezi 12. Chukua kalamu tatu: moja kwa pesa ambazo gari yoyote ingekula, moja kwa pesa za uzee, na moja kwa pesa zilizotokana na kuchelewa. Kama ile ya tatu ndiyo ndefu, usikimbilie kuuza, kwa sababu hata gari mpya utailipia hivyo hivyo. Kama ya pili ndiyo inapanda kila mwezi, anza kutafuta mnunuzi mapema, gari ikiwa bado inatembea.

Na kama gari ni ya mzazi, mpigie simu leo usiku. Usimwulize inahitaji pesa ngapi. Mwulize kama kuna mtungi wa maji nyuma.